Mafuta Yasiyopikiwa

Kila nikifungua chupa ya mafuta ya mzeituni jikoni kwangu hapa Germantown, pua inanirudisha nyumbani kwa Bibi Ester. Si harufu ya chakula, msije mkadhani. Ni harufu ya utambi wa pamba uliolowa mafuta, ya sebule yenye joto kupita kiasi, na ya kosa langu kubwa kuliko yote niliyofanya nikiwa na miaka tisa.

Bibi Ester alikuwa Myahudi, mjane, na Mama ndiye aliyekuwa akimtunza. Mama na mimi tulikaa Alexandria, mji wa hukuhuku ughaibuni, tangu tulipokuja kutoka Bukavu. Bibi alikaa Silver Spring, na shule zikifungwa Mama alinichukua kazini, basi moja, treni, halafu basi jingine. Kiingereza cha Mama siku hizo kilikuwa cha salamu na majina ya dawa, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Kazi hiyo niliifanya kwa majivuno yasiyovumilika.

Karibu na dirisha la sebule kulikuwa na mzeituni kwenye chungu, umenizidi urefu kidogo tu. Marehemu mume wake ndiye aliyeuotesha, na haukuwahi kuzaa hata tunda moja. Mimi nilipewa kazi ya kupangusa majani yake, ya kijani juu na ya kijivu chini, na nikipangusa Bibi ananisimulia. Jani ambalo njiwa alimletea Nuhu lilitoka kwenye mti wa namna hii. Mzeituni ukizeeka hadi ukawa na uwazi ndani, machipukizi hutoka mizizini na kuuzunguka, ndiyo maana Wayahudi tangu zamani huwafananisha watoto wanaozunguka meza na miche ya mzeituni. Nikamuuliza mbona meza yake haina watoto. Akasema binti yake anaishi mbali, akanisukumia sahani ya biskuti.

Desemba ile Bibi alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo wiki inayofuata. Nilimsikia Mama akimwambia shangazi kwenye simu kwamba mzee akifa, kazi nayo imekufa, na sisi sijui tutaenda wapi. Nilimpenda Bibi, nilimpenda na Mama, na niliona wote wawili wanaweza kuniponyoka kwa siku moja.

Sasa, kwetu palikuwa na kichupa cha mafuta ya mzeituni yaliyoombewa kanisani. Kilikaa juu ya kabati na hakuna aliyethubutu kuyapikia. Mtu akiugua, au akiwa na mtihani, Mama humchora msalaba wa mafuta kwenye paji la uso. Na kwa Bibi Ester, juu kabisa ya kabati, palikuwa na chupa ya mafuta yaleyale. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtafsiria Mama kwamba hayo si ya kupikia. Bibi alipoendelea kueleza ni ya nini, sikusikiliza, kwa sababu nilikuwa najua tayari.

Alasiri moja Mama aliteremka chini kutoa nguo kwenye mashine, na Bibi akasinzia kwenye kochi. Nikapanda kiti, nikaishusha chupa, nikamimina mafuta kiganjani kama nilivyoona wachungaji wakifanya. Nikamchora msalaba, mkubwa, na nikamwombea kwa Kiswahili ili Mungu asipate shida kunielewa. Mikono ilikuwa inateleza. Chupa ikaniponyoka, ikalala kwenye zulia, na nilipoiwahi yalikuwa yamebaki mafuta ya kufunika kitako tu.

Mama aliingia na kapu la nguo. Aliona zulia kwanza, kisha akaona paji la uso la Bibi, na sijawahi kumwona akiogopa vile. Alichomoa kitambaa safi kwenye kapu akamwekea Bibi mkononi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafumbua macho, akaninong'oneza:

"Umuambie ni mimi nilimwanga mafuta, na ni mimi nilimupakaa. Umuombe pardon, asinifukuze."

Nikatafsiri neno kwa neno. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona aibu kwa kuijua kazi yangu vizuri.

Bibi aliomba kioo. Alijitazama muda mrefu, kisha akaitazama mikono yangu inayong'aa hadi kwenye viwiko.

"Na uliomba nini?" akaniuliza mimi, si Mama.

"Usife," nikasema. "Mama asikose kazi." Nikaona haijakaa vizuri, nikaongeza, "Na kwa sababu nakupenda."

Alicheka hadi akashika kifua. Halafu akanituma nimwambie Mama hakuna anayefukuzwa. Mafuta yale, akasema, yalikuwa ya taa ya Hanuka, na sikukuu inaanza jioni hiyohiyo. Mababu zao walipolirudisha hekalu lao walikuta kichupa kimoja cha mafuta safi, cha kutosha siku moja, yakawaka siku nane. Basi haya ya leo yanatosha leo. Mama akasokota pamba, mimi nikaruhusiwa kumimina, na Bibi akaimba baraka zake huku mwanga ukimulika msalaba wangu usoni mwake. Nilidhani amesahau kuufuta.

Bibi aliishi miaka tisa zaidi, na kimoyomoyo sifa zote nilijipa mimi.

Alipofariki, Mama na mimi tulikwenda kukaa na binti yake siku za matanga. Mzeituni ulikuwa palepale dirishani. Binti akatusimulia kwamba mama yake, akiwa mdogo wakati wa vita huko Ulaya, Wayahudi wakisakwa, alifichwa na watawa kwa jina lisilo lake. Kila jioni mtawa alimchora msalaba kwenye paji la uso. Na kila jioni, ndani ya blanketi, alijifuta mpaka ngozi ikauma, asije akasahau yeye ni mtoto wa nani.

Habari ya mafuta yangu binti hakuijua. Mama alinigeukia, siku hiyo hakuhitaji mkalimani. Nilikuwa nakikumbuka kitambaa. Tulipoaga jioni ile ya taa bado kilikuwa mapajani mwa Bibi, kimekunjwa vilevile kama kilivyotoka kwenye kapu.