Vinundu Chini ya Titi

Chekeni kwanza mmalize, ndipo niwasimulie, maana aibu hii hata leo inanichoma masikio. Mimi ni mnene (msinitetee, najijua), na chini ya matiti ngozi yangu hukaa imelowa jasho, inawasha, inachubuka, miaka sasa, nami nilikuwa nainyunyizia unga wa muhogo, basi. Siku moja pakaota vinundu vitatu, vigumu, vyeupe. Juma lililofuata vilikuwa saba, kisha kumi na kimoja, na kila nilipoinua titi nilihisi kama vyenyewe vinanitazama.

Badala ya kumwona muuguzi, nikaenda chumba cha maombi. Mama mwombezi alifumba macho, kucha za kunguru zikitembea juu ya bati. Akasema taratibu, "Mwenye alikutupia hii kitu analala kwako. Na yeye iko nazo ku ngozi yake."

Aliyelala kwangu ni Furaha, dada wa mume wangu, aliyekimbia vita kule Djugu akatufikia na sufuria moja (tulipendana hata kitambaa cha kuogea tulitumia kimoja). Tangu hapo nikaanza kumwogopa.

Jumamosi mchana wamama wa maombi wakajaa sebuleni, wakafunga madirisha, wakaimba chinichini. Mwombezi akamwamuru Furaha ainue blauzi. Akakataa. Basi nikaipandisha mimi, kwa mikono hii hii, na kwapani mwake vilikuwepo vinne, sawasawa na vyangu.

Wimbo ukakatika.

"Ni weye!" nikapiga kelele. "Ni weye unaniroga!"

Hakulia. Alisema polepole, "Mama Neema, miye nilizania ni weye. Nilinyamaza juu ya vile ulinipokea."

Wamama wote wakageuza macho kwangu, wakarudi nyuma hatua moja, kisha wakachukua Biblia zao wakatoka bila kuaga. Kabla ya jioni mtaa wetu mzima hapa Bunia ulijua nyumba yetu ina wachawi wawili.

Jumatatu muuguzi alitutazama mimi na Furaha dakika moja tu. "Ni chunjua, mama. Virusi. Vinapenda ngozi ya mikunjo, yenye kulowa na kuchubuka. Mulitumia kitambaa kimoja? Basi weye ndiye ulimuambukiza."

Zangu zilichomwa, zikaisha. Nimeapa sitamvua mtu nguo tena kutafuta ugonjwa wangu. Furaha amepanga chumba kwingine. Ananisalimia vizuri, lakini nikimsogelea mkono wake unashika blauzi, na inaniuma.