Utando wa Kijivu

Kiwandani Thika tulikausha magome ya miti ya miwati, ya kutengenezea dawa ya ngozi, kwa hewa ya moto iliyopita kwenye bomba nene la chuma. Nje ya bomba lile kulikuwa kumepakwa alumini. Fundi, Kalasinga mpole, alituonya wawili tuliolihudumia, mimi na mwenzangu wa Gitothua kule Ruiru.

"Hiyo alumini ikishika moto inatoa utando ya kijivu. Hiyo ndiyo inazuia chuma isiliwe na kutu. Ukipoesha haraka, chuma inasinyaa, utando haiwezi kuifuata, inapasuka. Wacha ipoe yenyewe."

Kupoa kwenyewe kulichukua alasiri nzima ya Jumamosi, na mmoja wetu lazima akae kulinda. Ningependa kusema niliogopa amri ya kutotoka nje, maana ilikuwa Hali ya Hatari na askari hawakuwa na utani. Uongo. Jua lilikuwa bado juu. Nilichoka kukaa tu, na mimi subira sikujaliwa.

Nikamwaga ndoo mbili za maji. Bomba likalia ta-ta-ta, vipande vya utando vikaanguka sakafuni kama maganda ya mayai. Nikavifagia, nikavitupa kwenye jivu. Jumatatu bomba likafanya kazi vizuri, basi nikamwona fundi mwoga bure. Kila zamu yangu ya Jumamosi nikarudia.

Miezi ikapita. Bomba lilitoboka asubuhi moja, mwenzangu akiwa zamuni. Fundi aligusa chuma kilichobaki uchi, akasema mtu amelimwagia maji. Meneja akatuuliza mmoja mmoja. Mwenzangu akakataa. Wapakiaji wakasema ni yeye, kwa kuwa ndiye aliyekutwa pale. Mimi nikasema sijui.

Alifutwa siku hiyohiyo. Siku zile Mkikuyu asiye na kazi hakuruhusiwa kubaki huku. Yeye, mke na watoto walitakiwa wahame Gitothua, warudishwe rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, ambako hakuwa na shamba. Nililijua hilo niliposema sijui. Mdomo wangu ungeweza kuwabakisha, nami nikauchunga kama mali.

Jioni alinifuata langoni. Aliniita muru wa maitu, ndugu wa tumbo moja.

"Wote wamenisema," akaniambia. "Ni wewe peke yako hukunitaja. Mungu akubariki."

Akanipa mkono. Nikaupokea, nikamwambia, "Haidhuru, ndugu yangu."