Ukuta wa Bahati, Matope ya Solai

Sikuondoka Nakuru kwa kupenda. Kazi ya kujenga nyumba ilikuwa imekauka mjini, na Bwana Karam, mwenye kampuni yetu, alikuwa amewaambia waashi wake tisa kwamba asipopata kazi ya mabwawa kwa masetla, wale wazungu wa mashamba, mwisho wa mwezi waende zao. Mimi nilikuwa nyapara wao. Alinipa baiskeli na barua ya kupita vizuizi vya askari. "Kwenda Bahati," akasema. "Onyesha watu ile bwawa yetu. Wataona kazi, watataka."

Jumatatu asubuhi nikaanza kupanda kuelekea Bahati, nusu nikiendesha, nusu nikisukuma. Mara mbili askari walinikalisha chini barua ikisomwa polepole. Nilifika saa sita, vumbi mpaka masikioni. Lakini nilipouona ukuta wa bwawa letu nilifurahi. Ulikuwa na mwaka mmoja, mawe ya kuchonga, hauna ufa hata mmoja. Mawe ya pembeni aliyaweka Mzee Okumu, aliyenifundisha uashi.

Kisha nikachungulia upande wa pili. Kondoo walikuwa wakila majani pale palipopaswa kuwa na maji.

Setla mwenye shamba akanijia. "Ukuta mzuri sana," akasema. "Maji iko wapi?"

"Mvua haikunyesha, bwana?"

"Ilinyesha. Bwawa ilijaa. Wiki mbili, kwisha. Maji nakwenda chini."

Niliona haya sana. Udongo wa huko ni majivu ya volkano, unakunywa maji kama mgonjwa wa homa. Tulihangaika na ukuta, sakafu hatukuigusa. Waashi ndivyo tulivyo, tukishika jiwe hatuoni kingine.

Jumanne niliteremka Solai, sina hamu hata ya kusalimia mtu. Huko nikakuta bwawa la tuta la udongo, limepinda, baya kwa macho. Lilikuwa limejaa, bata wakiogelea. Mchungaji wa shamba, Mzee Kiptoo, alinikaribisha maziwa ya kibuyu.

"Mzee, fundi wa hii ni nani?"

Akaelekeza fimbo kwa maksai. "Hao. Tulimwaga udongo ya mfinyanzi huko chini, tukaweka maji, tukazungusha ng'ombe juu yake asubuhi mpaka jioni, mwezi mzima. Ikashikana. Maji haipiti."

"Na mawe?"

"Mawe ya nini?"

Nilicheka, lakini niliumia. Akaniambia bwana wake, setla mwingine, alitaka mabwawa mengine mawili, na majirani zake vilevile. Nilipokuwa nikimngoja barazani nilifikiri: nikimsifia ukuta wa mawe, wenzangu tisa watakula mwaka mzima. Halafu kondoo wataingia humo pia.

Akatoka. "Kampuni yako naweza?"

"Inaweza, bwana. Tutahitaji ng'ombe wako." Mawe sikuyataja.

Jumatano jioni nilifika Nakuru, mgongo hautaki kunyooka. Bwana Karam alifurahi mno. Alikuwa tayari anahesabu mabwawa mpaka Rongai.

"Na waashi?" nikauliza.

"Nani taka shika fimbo ya ng'ombe, karibu. Mwashi sasa hapana kazi."

Niliwaambia mwenyewe uani. Sita walikubali. Wawili walinitukana, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mzee Okumu alifunga mwiko na timazi lake katika gunia.

"Ungeweza kumwambia huyo mzungu anahitaji mawe," akasema.

"Ningeweza, mzee."

"Ungemwibia." Akakaza kamba ya gunia. "Lakini mimi sifuati mkia ya ng'ombe, kijana."

Nilimbebea mzigo mpaka stesheni, akapanda gari la Kisumu. Nilijifunza katika safari hiyo kwamba kazi nzuri na kazi inayotakiwa zinaweza kuachana, na zikiachana kuna mtu atakayebaki nje. Jumatatu iliyofuata nilikuwa Solai, suruali nimekunja mpaka magotini, nikiwaswaga maksai kumi na wawili kwenye matope.