Kaka Yangu Katika Habari za Saa Saba

Kaka yangu alipohukumiwa, mimi nilikuwa nimesimama katika duka la fundi wa nguo mjini Kakamega, mikono nimeiinua, fundi akinipima kifua kwa utepe. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wangu wa pili kazini, na nilitaka gauni la kuvaa kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu. Redio ya fundi ilikaa juu ya rafu, katikati ya majora ya vitambaa, na haikuzimwa kutwa. Watu walipitia pale kusikiliza habari za saa saba, kwa sababu wakati huo, miaka michache tu baada ya Uhuru, si kila nyumba ilikuwa na redio.

Msomaji wa habari akasema kwamba askari mmoja, karani katika kambi ya jeshi, amefungwa miaka minane kwa kosa la kutoa siri za jeshi kwa watu wasiopaswa kuzijua. Kisha akataja jina. Alilitamka vibaya, akalikaza mahali pasipokazwa, lakini lilikuwa jina la kaka yangu.

"Minane ni kidogo," akasema karani wa ofisi za wilaya, aliyekuwa amekuja kuchukua suruali yake. "Nchi bado changa hivi, mtu anaiuza. Wangempiga risasi."

"Kwani alisema nini?" akauliza mama mmoja aliyeketi kwenye benchi akingojea sare za watoto wake.

"Siri."

"Siri gani?"

"Mama, nikikwambia itakuwa siri tena?"

Watu wakacheka. Mpaka rangi mmoja, nguo zake zimejaa madoa ya chokaa, ndiye peke yake ambaye hakucheka. "Hawa wakubwa wanafichanga mambo mengi," akasema. "Labda kijana alisema ukweli tu."

Karani akageuka, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Unamtetea? Unamjua?"

"Simjui," akasema yule mpaka rangi, na mara akakumbuka kwamba ana haraka, akatoka.

Fundi alikuwa amefika kwenye kiuno changu. Akatoa pini mdomoni. "Mwalimu, jina lake la pili si kama lako?"

"Majina hayo ni mengi huku kwetu," nikasema.

"Ni kweli," akasema, akaandika kipimo.

Nilisimama pale mpaka akamaliza. Nikamwambia hata mikono ya gauni iwe mirefu kidogo. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, na yako mambo niliyoyafanya ambayo watu wengine wangeyaona mabaya zaidi, lakini hilo ndilo linalonichoma.

Nyumbani kwetu, upande wa Butere, tulikuwa tumejua kwa miezi kadhaa kwamba amekamatwa. Maofisa walikuja na gari, wakaipekua nyumba ya baba, wakachukua barua zote ambazo kaka alituandikia tangu ajiunge na jeshi. Mama hakujua kusoma. Barua hizo nilikuwa nikimsomea mimi nilipokwenda likizo, naye alizihifadhi ndani ya mkebe wa majani ya chai. Aliwafuata maofisa mpaka kwenye gari. "Hiyo ya chini inahusu ndama tu," aliwaambia. "Niachieni hiyo ya ndama." Hawakumwachia.

Kesi ilisikilizwa milango ikiwa imefungwa. Mke wa kaka, aliyekuwa akiishi naye Nairobi, alikaa kwenye benchi nje ya chumba siku zote za kesi na hakusikia neno hata moja. Kwa hiyo tulijua kosa linaitwaje na kifungo ni cha miaka mingapi. Kaka alisema nini, alimwambia nani, na kwa nini, hatukujua, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Nilifika nyumbani jioni ya Jumamosi ile ili niwaambie wazazi kabla hawajasikia kwa watu. Nilichelewa. Mtu aliyetoka Butere mjini kwa baiskeli alikuwa amepaza sauti akiwa barabarani, hata hakushuka. Nilimkuta baba ameketi mlangoni na viatu vyake vya kutokea, kama mtu aliyetaka kwenda mahali kisha akakosa pa kwenda. Baba mwenyewe alikuwa askari wa Mwingereza zamani, akapigana Burma. Yeye ndiye aliyempeleka kaka kuandikishwa. Alitembea naye kwa mguu, akamsimamisha kwenye mstari, akamrekebisha mabega.

"Minane?" akaniuliza.

"Minane, baba."

"Nitakuwa nimekufa," akasema. Hakulisema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayehesabu misimu ya mahindi.

Kijijini mama aliitwa Mama Askari. Hata watoto wadogo walimwita hivyo. Wiki ile alipeleka mrenda wake sokoni Shianda kama kawaida, akarudi na nusu ya mboga ikiwa imenyauka kwenye kikapu. Nilimwuliza kama wanawake wenzake wamemtukana. "Hapana," akasema. "Wamenisalimia vizuri. Lakini hawajui waniite nani." Mmoja alianza salamu, "Mulembe, Mama As...", akakohoa, akamalizia kwa "mama wewe".

Kanisani mchungaji aliwaombea wote walio vifungoni. Hakutaja mtu. Watu wa viti vya mbele waligeuka wakatutazama, kisha wakafumba macho haraka.

Mwisho wa mwezi chifu aliitisha baraza. Tulidhani ni mambo ya shule na barabara, na kwa kweli alianza na hayo. Kisha akazungumza juu ya uaminifu kwa serikali, akazunguka weee, mwishowe akasema ingefaa mzee fulani, ambaye kila mtu anamjua, asimame awaambie wananchi kwamba nyumba yake haihusiki na mambo aliyofanya mtoto wake.

Baba alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la zamani. Nilitaka kumshika mkono nikashindwa, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa wanawake.

"Mimi nilikuwa askari," akasema. "Askari anaapa. Najua kuapa ni nini. Ikiwa mtoto wangu alifanya ubaya, nitasema ni ubaya. Lakini mimi sikuambiwa alisema nini. Chifu, wewe unajua?"

Chifu akatazama karatasi zake. "Mahakama inajua, mzee."

"Basi nani hapa anajua?" Baba akawageukia watu. "Yeyote anayejua aniambie, nami nitamkana hapa hapa."

Watu karibu mia mbili walikuwa pale. Wengine niliwasikia kwa masikio yangu wakisema njiani kwamba kaka aliwapa adui ramani, wengine kwamba alimwonyesha Mzungu wa gazeti barua ya mkubwa wake, wengine kwamba ni mambo ya mwanamke. Kila mmoja alijua. Sasa hakuna aliyefungua mdomo. Baba aliendelea kusimama, akingoja kweli, kwa sababu hakuwa amewauliza kwa ubishi. Alitaka kujua.

"Keti, mzee," chifu akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. Akaketi. Baraza likarudi kwenye barabara.

Siku chache baadaye alikuja nyumbani mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto, amembeba kuku kwapani. Mama akafurahi. Alikuwa mgeni wa kwanza tangu hukumu. Tukampa kiti, tukampa uji, akamweka kuku chini amefungwa miguu. Mtoto wake naye alikuwa jeshini, wakati ule akiwa mpakani, kaskazini. Alikunywa uji wote. Kisha akauliza:

"Mwenzangu, nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Wewe ni mama kama mimi. Hayo aliyoyasema mtoto wako, yanaweza kumwua wangu?"

Mama aliutazama mdomo wa yule mwanamke kana kwamba jibu lingetokea huko.

"Sijui," akasema.

"Au labda aliyasema ili kuwaokoa? Kuna mtu aliniambia hivyo."

"Dada yangu, sijui. Ningekuwa najua ningekwambia."

Wote wawili wakalia, lakini si pamoja. Kila mmoja alilia kivyake, ameutazama ukuta wake. Mgeni alipoondoka alimwacha kuku, na mama hakuweza kumchinja. Mtoto wa yule mwanamke alirudi mzima, kwa bahati njema, lakini kwa miezi kumi na moja, kila nilipokwenda nyumbani, mama aliniuliza kabla hata sijaketi: "Umesikia lolote la huko kaskazini?"

Baba nami tulikwenda kumwona kaka mara moja. Tulipanda treni Butere, tukabadilisha Kisumu, tukafika Nairobi asubuhi iliyofuata. Gerezani tulipewa dakika chache. Kaka alikuwa amekonda na kunyolewa, na masikio yake yalionekana makubwa kama ya mtoto. Askari jela aliketi kati yetu, akatuambia kwa upole kwamba tunaweza kuzungumza habari za nyumbani, lakini kesi hairuhusiwi.

"Mama hajambo?" kaka akauliza.

"Hajambo."

"Na ndama?"

"Amezaa," baba akasema. Kisha akainama mbele. "Mwanangu, niambie tu kama ulikuwa na sababu. Sababu yenyewe usiseme. Sema tu kama ilikuwapo."

"Mzee," askari jela akasema, "nimewaambia."

"Hajanijibu bado."

"Mzee, tafadhali. Nitafukuzwa kazi."

Kaka akamtazama baba, akasema, "Ng'ombe amezaa dume au jike?" Na baba akasema ni jike.

Kaka alitoka kabla ya miaka yote kwisha, akiwa amepunguziwa kifungo kwa tabia njema. Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Kijiji hakikumfukuza kaka. Watu walimsalimia, walimkaribisha kwenye matanga, lakini akikaribia kikundi mazungumzo yalihamia kwenye mvua. Baada ya msimu mmoja alihamia Chekalini, Lugari, ambako wakwe zake walikuwa na shamba, na ambako hakuna aliyekuwa anakumbuka jina lililotajwa redioni.

Nilimtembelea huko. Tulikuwa tukipukuchua mahindi, sisi wawili tu, na nikaona kwamba sasa hakuna chifu wala askari jela. Nikamwuliza.

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Dada, niliapa kutosema," akasema. "Mara moja nilivunja. Sitavunja tena."

"Baba alikufa akingoja."

"Najua."

"Mama angali hai. Mwambie yeye tu."

"Halafu atakaa nayo vipi?" akaniuliza. "Mkiulizwa sasa mnasema hamjui, na ni kweli. Nikiwaambia mtaanza kudanganya."

Nilimkasirikia. Nilimwambia kwamba sisi ndio tuliotumikia kile kifungo huku nje, na kwamba yeye angalau alijua amefungwa kwa nini. Mke wake akatuita tule obusuma, ugali wa kwetu, tukala, akanisindikiza yeye mpaka barabarani, kwa sababu kaka alikuwa amerudi shambani bila kusema anakwenda kufanya nini.

"Mimi pia nilimwuliza," akaniambia tukiwa njiani. "Nilimwuliza mwaka mzima. Halafu nikachoka."