Mapafu Ni Yangu

Siku ile tukishuka mjini kwenda kupimwa pumzi, binti yangu alikuwa ameshaamua. Nikipuliza vibaya, sirudi kwangu Mutuini. Nitakaa kwake Spring Valley, ghorofani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Nikamwambia sawa, lakini nikipuliza vizuri mtu asiniguse. Tukakubaliana hivyo ndani ya gari lake, kila mmoja akiangalia upande wake.

Lakini ngoja niseme kwanza mapafu haya yaliharibikia wapi, maana watu hukimbilia kusema ni sigara. Sigara niliacha zamani sana. Kazi yangu hadi siku ile ilikuwa Dagoretti, karibu na machinjio, kuchoma vichwa na miguu ya mbuzi manyoya yatoke, mtu aende zake akapike supu. Moshi wa manyoya si kama moshi wa kuni. Unaingia mpaka kwenye mto unaolalia. Marehemu mke wangu alikuwa akinivua shati huko nje, analitundika kwenye waya, ndipo anisalimie. Siku za mvua, kuni zikiwa mbichi, tulikuwa tunaongeza vipande vya tairi, na hapo sasa moshi unaula kwa kijiko. Nililea watoto kwa moshi huo. Simwombi mtu msamaha.

Na mapafu nimeyaona, ya ng'ombe, wenye mbwa wakija kuyanunua. Ukitia pafu zima kwenye ndoo ya maji, linaelea. Lililougua linazama. Nilimwambia binti yangu pale kwenye foleni ya magari, "Yangu bado yanaelea."

"Baba, tafadhali," akasema.

Huyu binti ndiye aliyenifundisha mambo ya pumzi, mimi niliyeishia darasa la tatu. Alipokuwa shule ya msingi alirudi jioni moja na ua jeupe la mtoni, akalisimamisha kwenye glasi ya wino wa buluu. Asubuhi yake lile ua lilikuwa na mishipa ya buluu kama mkono wa mzee.

"Limevuta," akaniambia.

"Nani amesukuma?"

"Hakuna anayesukuma, baba. Majani yana midomo midogo, huwezi kuiona. Ikifunguka hewa inaingia, maji yanatoka yanaenda na jua. Sasa yale ya chini yanavutwa kuja juu." Na jua likiwa kali, akasema, jani linafunga midomo lisikauke. Lakini likifunga, hewa nayo haiingii, na bila hewa jani halitengenezi chakula chake. Niliyashika maneno hayo. Tangu siku hiyo nikiona sukuma wiki zangu zimelegea saa sita mchana, siziiti mvivu tena.

Basi, kliniki. Muuguzi alikuwa msichana mchangamfu.

"Guka, niaje?"

"Guka ni babu wa huko kwenu Ukikuyuni. Mimi Mkamba."

"Haya, umau, kaa hapa. Shika hii mrija, mdomo yako ifunge kabisa." Akanibana pua kwa kibanio kama cha kuanikia nguo. "Sasa vuta."

Nikautoa mrija mdomoni. "Mimi sivuti."

"Umau, vuta!"

"Sivuti! Niliacha kabla hujazaliwa. Muulize huyu."

Binti yangu akaficha uso ndani ya mkoba akicheka. Muuguzi akashika kiuno. "Vuta hewa, umau! Hewa! Nani amekupea sigara hapa?"

Nikacheka, na mimi siku hizi nikicheka nakohoa, na nikikohoa natafuta meza ya kushika. Kicheko cha binti yangu kikakatika. Nilimwona akinihesabia kikohozi kile kama ushahidi. Nilipotulia nikavuta, na yule msichana akaanza kupiga kelele kama shabiki wa mpira: "Jaza, jaza, jaza! Puliza sasa! Puliza, usiache, usiache, umau!" Nilipuliza mpaka nikaona nyota.

Haikusaidia. Daktari alitueleza polepole. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vidogo, kuta zake nyembamba sana, na kwenye kuta hizo ndipo hewa inapenya kuingia kwenye damu. Moshi umezipasua. Vifuko vingi vimekuwa shimo moja, hewa ikiingia inashindwa kutoka, tena haina ukuta wa kutosha wa kupenyea.

"Zitaota tena?" nikauliza.

"Hapana, mzee. Tunalinda zilizobaki. Usikaribie moshi. Tumia dawa hii ya kuvuta. Na utembee kila siku, hata kidogo kidogo."

Binti yangu akafuta macho. Alikuwa ameshinda, na hakufurahi.

Akanipeleka kwake. Pale sebuleni, kwenye kona, kuna mti mzuri wa kijani, mrefu kunizidi. Nikakaa kando yake. Nikagusa jani.

"Huu unakunywa nini?"

"Ni wa plastiki, baba. Naupanguza tu."

"Basi ndiye mwenzangu uliyenitafutia."

Hapo akakasirika. "Unataka kufia Mutuini?"

"Ikifika, ndiyo."

"Daktari amesema moshi!"

"Moshi wenyewe ulikuwa wangu. Nisipowasha, umeisha. Kazi nimeacha leo." Kusema hilo kuliniuma kuliko karatasi ya daktari. Nilikuwa sijawahi kulitamka. "Lakini hakusema nifungiwe. Alisema nitembee. Na wewe mwenyewe ulinifundisha, jani likifunga midomo halijilishi."

"Baba, wewe si sukuma wiki!"

"Na si wa plastiki."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, ile ya utotoni, "Na ukizidiwa uko peke yako?"

"Nitakupigia. Lakini nitakupigia nikiwa kwangu."

Alizunguka pale sebuleni muda mrefu, akafungua dirisha, akalifunga, mwisho akachukua funguo za gari.

Barabara ya kuingia kwangu inapanda, na gari halifiki mlangoni. Binti yangu akataka kuita boda boda. Nikakataa. Nilipanda, nikasimama, nikavuta pumzi, nikapanda tena, majirani wapya wa nyumba za kukodisha wakichungulia. Yeye alinifuata nyuma na mfuko wa dawa, akisimama kila niliposimama. Mlangoni akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Nikaufungua mlango mwenyewe.