Mkono wa Baba Mfukoni

Mfuko wa mipira wa timu inayonilipa hufungwa kwa kamba ya katani. Nikiinusa kabla ya mechi, moyo hunienda mbio kama siku ile ya utotoni, kwenye mashamba ya mkonge ya Rudewa.

Mzungu wa misheni alikuwa anachagua timu ya vijana ya mpira wa kikapu. Wiki nzima baba alikuwa amekata mkonge wa zamu yake na wa zamu yangu. "Mwiba ukikuchoma kidole, mpira utaudakaje?" aliniambia.

Alikuja uwanjani akitokea shambani, mkono wa kulia mfukoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Cheza, mwanangu."

Mpira wangu wa mwisho ulizunguka juu ya ringi yetu ya chuma cha pipa kuukuu, ukazunguka tena, ukaingia. Baba akajisahau, akautoa mkono apige makofi. Nikauona ulivyovimba.

Akaurudisha mfukoni haraka.