Rajab Farajala Aomba Kibali cha Bunduki

Rajab Farajala hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Babu yake alikuwa, baba yake alikuwa, na kaka yake mkubwa alifika cheo cha sajini, lakini yeye mwenyewe alikuwa fundi. Tangu ujana alifanya kazi katika duka la Mhindi mmoja hapa Mbale aliyeuza bunduki za marisau kwa wakulima na wawindaji. Rajab ndiye aliyezipaka mafuta, akatengeneza vitako vilivyopasuka, akawaonyesha wanunuzi namna ya kuzishika bila kujiumiza bega. Mwaka 1972 Mhindi yule alifukuzwa nchini pamoja na wenzake, duka likafungwa, na Rajab akahamia kwenye vyerehani, baiskeli na makufuli.

Vita vya 1979 vilipofika mjini hakuna aliyemuuliza kama ni fundi au askari. Alikuwa Mnubi, wa kabila lililojulikana kwa askari wa serikali iliyoanguka, alisema Kiswahili kilichonyooka, lugha ya jeshi, na hiyo ilitosha. Watu waliichukua nyumba yake ya mtaa wa Namatala kipande kipande: mabati, milango, madirisha, na mwisho wakang'oa hata mlimau wa uani. Yeye na mkewe Khadija walikimbilia Bungoma, ng'ambo ya mpaka, wakakaa huko miaka minane. Waliporudi mwaka 1987 walikuta kuta zimeezekwa nyasi, na sebuleni mama mmoja aitwaye Topista anauza pombe ya malwa. Wateja wake walikuwa wamekizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni. Topista aliwapokea wenye nyumba kwa heshima, akawapa viti. Baada ya wiki tatu akahama, akaenda nyumba ya pili tu. Ndiye aliyekuja kuchaguliwa mwenyekiti wa baraza la mtaa, lile tuliloliita RC.

Taabu ya Rajab ilikuwa upekuzi. Siku zile Teso kulikuwa na vita, wezi wa ng'ombe walishuka kutoka Karamoja na bunduki mabegani, na kila serikali ilipotangaza kukusanya silaha, askari walianzia kwa Rajab. Walipasua magodoro. Walichimba uwanja wa nyuma mara mbili. Mara ya pili Khadija aliwaomba wasogee kidogo upande wa kushoto, maana huko alitaka kupanda viazi.

Mwaka 1989 akaja Nabifo, mjane mwenye shamba la mahindi huko Busiu. Marehemu mumewe alimwachia bunduki ya marisau yenye karatasi zake zote, lakini risasi zilipatikana Kampala tu, na tumbili walikuwa wanamaliza shamba. Alikuwa amesikia kwamba Rajab aliwahi kufanya kazi hiyo. Rajab alimwambia kwamba hana hata risasi moja, na kama angekuwa nayo angekuwa ameshafungwa. Nabifo akaondoka amenuna, lakini aliuliza jambo moja mlangoni: kwani ni dhambi mtu kuuza risasi kwa kibali?

Rajab alilifikiria neno hilo wiki nzima. Alipomwambia Khadija kwamba anataka kuomba kibali cha kuuza bunduki, Khadija aliweka kikombe chini, akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Kesho yake Rajab alivaa kanzu na koti, akaenda kituo cha polisi. Akamwambia konstebo wa kaunta kwamba amekuja kwa habari ya bunduki. Konstebo alifurahi sana, akafungua daftari la watu wanaosalimisha silaha, akauliza iko wapi. Rajab akasema hana. Konstebo akaandika kwamba mzee amekuja kusalimisha bunduki lakini anakataa kuitoa, akamvua viatu na kumtia ndani.

Mkuu wa kituo, Afande Aloysius, Mteso mrefu mwenye sauti ya pole, aliporudi kutoka chakula cha mchana aliagiza mzee aletwe ofisini.

"Mzee, watu wote wanarudisha bunduki," alisema. "Wewe unataka kununua?"

"Kuuza, afande. Kwa kibali cha serikali."

Aloysius alikiri kwamba sheria hiyo ipo, yeye mwenyewe aliisoma chuoni, ila tangu aanze kazi hajamwona mtu akiitumia. Fomu zake zilikuwa Jinja. Akamrudishia viatu vyake, na kwa kuwa alikuwa muungwana, akamsindikiza mpaka barabarani ili konstebo asimkamate tena.

Huko Jinja Rajab alifikia mtaa wa Nalufenya, kwa Siraje, binamu ya Khadija, aliyekuwa na duka dogo la sabuni na chumvi. Ofisini alimkuta karani mmoja, Janepher, msichana mchangamfu aliyetaka sana kumsaidia. Siku ya kwanza alimpa fomu ya leseni ya udereva. Siku ya pili akampa fomu ya kufuga mbwa. Siku ya tatu aliipata fomu yenyewe chini ya kabati, imelowa mafuta ya taipureta, imechapishwa kabla ya Uhuru. Fomu iliuliza mwombaji anatarajia kupokea pembe ngapi za ndovu kwa mwaka, na ilitaka sahihi ya ofisa wa Malkia. Rajab aliuliza afanye nini na Malkia. Janepher alifikiri, akamshauri aandike kwamba hayupo.

Masharti yalikuwa mawili tu: barua ya majirani kwamba mwombaji ni mtu mwema, na chumba imara cha kuhifadhia silaha, kilichokaguliwa na ofisa kutoka Jinja.

Barua ndiyo iliyotutoa jasho. Topista aliitisha mkutano wa mtaa Jumapili mchana, na sote tulikwenda, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba Mnubi anataka kuleta bunduki. Wengine walisema Rajab anaandaa vita. Mmoja akauliza kama atatukopesha. Topista aliwanyamazisha watu, akamgeukia.

"Mzee Rajab, tunakujua. Unashona mifuko yetu, unatengeneza kufuli zetu. Sasa tuambie, bunduki ya nini?"

Rajab alisimama. Hakuwa msemaji.

"Tangu nirudi wananipekua wakitafuta bunduki," alisema. "Wamechimba kwangu mpaka nimechoka kuwaona wakikosa. Nataka siku moja wakija, wazikute. Zimepangwa ukutani, zimepakwa mafuta, na karatasi ya serikali juu yake. Wasome, wanisalimie, waende zao."

Wengine wetu tulitazama chini, kwa kuwa mabati yake yalikuwa juu ya nyumba zetu na yeye alijua ni zipi. Topista aliandika barua palepale, na mihuri ya baraza akaipiga mitatu ambapo mmoja ungetosha.

Kilichobaki kilikuwa chumba. Rajab alijenga kwa matofali mawili mawili nyuma ya karakana yake. Gidudu, mchomeleaji wa hapo jirani, alinunua mlango wa chuma kutoka kiwanda cha pamba kilichokufa wakati wa vita, mlango uliobebwa na wanaume wanane wakipumzika kila nguzo ya umeme. Kufuli aliitengeneza Rajab mwenyewe. Ilijifunga yenyewe mlango ukisukumwa, na tundu la ufunguo lilikuwa nje tu. Juu ukutani aliacha dirisha dogo la hewa, akalizibia wavu wa chuma ambao hata kidole hakipiti.

Mkaguzi alikuja Machi. Aliitwa Bwana Eriya, mtu mwembamba, mpole, asiyeamini kitu mpaka akiguse. Alipima ukuta kwa utepe. Aligonga sakafu kwa kisigino. Akaomba ufunguo, akautazama, akautia mfukoni, akaingia ndani kuona kama mwanga unapenya pembeni mwa mlango. Ili aone vizuri, akauvuta mlango.

Tulisikia kufuli ikilia mara moja.

"Bwana Rajab," sauti ilisema kutoka dirishani, taratibu kabisa. "Nifungulie."

Rajab alieleza kwamba ufunguo uko mfukoni mwa mkaguzi mwenyewe. Bwana Eriya akajibu kwamba analijua hilo, ndiyo maana anaomba. Ilichukua muda kidogo mpaka wote wawili wakaelewa hali ilivyo: tundu la ufunguo liko nje, ufunguo uko ndani, na ni mpana mno kupita kwenye wavu.

Gidudu aliitwa. Msumeno wake wa kwanza ulikatika, wa pili ukakatika, na nyundo yake kubwa ikatoka kwenye mpini na kumkosa Afande Aloysius, ambaye alikuwa amekuja kushuhudia ukaguzi. Moto wa kuchomelea haukuwepo kwa kuwa umeme ulikatika tangu asubuhi. Rajab akachukua sururu ili auvunje ukuta.

"Usivunje," Bwana Eriya alisema kutoka ndani. "Ukivunjika nitalazimika kuandika kwamba unavunjika."

Rajab akaiweka sururu chini. Jua lilikuwa kali, na mkaguzi alianza kulalamikia kiu. Hapo Topista alirudi kwake akaleta mrija wa malwa, ule mrefu kuliko mtu, akauosha, akaupenyeza kwenye wavu. Rajab alipanda juu ya kreti na kushika birika, na Bwana Eriya akanywa chai yenye maziwa kutoka upande wa pili wa ukuta. Alipotulia, aliona hakuna sababu ya kupoteza siku, akaanza kumhoji mwombaji kama sheria inavyotaka. Aliuliza tofauti ya risasi za ndege na za nguruwe pori. Aliuliza bunduki yenye kutu ndani inasafishwaje. Rajab alijibu yote, birika mkononi.

"Na mtu akija kununua risasi akiwa na hasira," sauti iliuliza, "utafanyaje?"

"Nitamwambia ufunguo umepotea."

Ndani kulisikika kitu kama kicheko, au chai iliyompalia.

Saa tatu zilipita hivyo. Mwishowe Khadija alitoka jikoni, akautazama ukuta, akamuuliza mumewe ule wavu ameufunga kwa skrubu kutoka nje au kutoka ndani. Rajab alisema kutoka ndani, bila shaka, ili mwizi asizifikie. Alipomaliza kusema alifumba macho. Bwana Eriya alitoa sarafu mfukoni, akazifungua skrubu nne, akatupa ufunguo nje.

Alipotoka alijikung'uta vumbi, akamsalimia Khadija kwanza, kisha akakaa kwenye kreti na kuandika taarifa yake mbele yetu sote: chumba ni imara, mkaguzi amethibitisha mwenyewe kwa muda wa saa tatu. Akaongeza sharti kwamba litobolewe tundu la ufunguo na upande wa ndani.

Kibali kilitoka baada ya Rajab kwenda Jinja mara nne zaidi. Janepher alikipiga muhuri kwa mikono miwili. Khadija, ambaye safari hiyo ya mwisho alikwenda naye, alikibeba kifuani mpaka Mbale, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine.

Nabifo alikuwa mteja wa kwanza. Alinunua risasi mbili, akafyatua moja hewani saa sita mchana, na tumbili wote wakahamia shamba la jirani yake. Kesho yake jirani alikuwa dukani na karatasi za bunduki ya baba yake. Tumbili wakasogea tena. Mwaka huo wote wateja wa Rajab walifuatana hivyo, shamba baada ya shamba, wakishuka na barabara ya Tororo. Alikuwa na ramani ukutani, amechora kwa penseli mahali tumbili walipofika, na kutokana nayo alijua nani atakuja wiki ijayo, akamwandalia risasi kabla hajagonga hodi.